Jina Lisionekane

"Usianze na jicho," dereva alisema. "Mwache kwanza aone anavyofutwa."

Siku nyingine Fundi Herufi angecheka. Leo alipiga magoti kando ya ambulensi, kipande cha msasa amekikunja kwenye vidole vitatu, akaanza kumsugua ndege wa buluu aliyekuwa mlangoni, kuanzia mkiani. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi na bati la gari lilikuwa bado la baridi. Vumbi la buluu lilimwangukia magotini, laini kama unga.

Ndege huyo alikuwa nembo ya Shirika. Alitandaza bawa juu ya kiota chenye mayai matatu. Chini yake lilikuja jina la Shirika kwa herufi kubwa, na chini ya jina maneno madogo yaliyosema kwamba afya ni haki ya kila aliyekimbia vita. Kwa miaka kumi na mmoja Fundi Herufi alimchora ndege yule kila mahali kambini palipokubali rangi: zahanati, wodi ya wazazi, matangi ya maji, milango ya vyoo, mapipa ya taka. Watoto waliozaliwa humo walijua kumchora kabla ya kujua kuandika majina yao. Watu walimtania kwamba ukisinzia kwenye foleni ya maji utaamka una ndege mgongoni.

Sasa kazi ilikuwa kumfuta.

Wiki tatu nyuma wafanyakazi wote waliitwa ofisini wakasomewa barua. Aliyeisoma alikuwa msimamizi wa vifaa, kijana nadhifu aliyeletwa kutoka makao makuu. Kambi nzima ilimwita Bwana Utaratibu, kwa sababu ukimwuliza mbona dawa hakuna alikujibu upo utaratibu, na ukimwuliza upi alikujibu ndio unaandaliwa. Barua ilisema fedha za wahisani zimekwisha. Ilisikitika mara nne katika ukurasa mmoja. Haikusema kwamba fedha za kununulia risasi hazijawahi kusikika zimekwisha, wala kwamba baadhi ya serikali zilizoleta blanketi ndizo hizo hizo zilizouza mizinga iliyowafanya watu wahitaji blanketi. Hayo watu waliyajua bila kuandikiwa.

"Na siku ya mwisho wa mwezi," Bwana Utaratibu alisoma, "ifikapo saa kumi jioni, jina la Shirika lisionekane popote ndani ya kambi. Nitapita na kamera. Kila ukuta utapigwa picha, na picha zitakwenda makao makuu."

"Kwa nini lifutwe?" Fundi Herufi aliuliza. "Jina linakula nini?"

"Ni suala la dhamana, mzee wangu. Likitokea lolote kwenye jengo lenye jina letu, ni juu yetu."

"Na likitokea kwenye jengo lisilo na jina?"

"Hapo si juu yetu."

"Litakuwa juu ya nani?"

Bwana Utaratibu alikunja barua mara mbili, akasema swali hilo limepokelewa.

Siku ile ile chumba cha upasuaji kilitiwa kufuli na daktari akapanda gari, begi moja mkononi na jingine mgongoni. Mkunga alibaki, kwa kuwa naye ni mkimbizi na hakuwa na pa kwenda. Ambulensi nayo ingeachwa. Iliandikwa kuwa ni zawadi kwa jamii, pamoja na mafuta yatakayokutwa kwenye tangi.

Kila fundi rangi anajua kwamba bati hupakwa asubuhi. Jua likishalichemsha, rangi ya mafuta hufanya malengelenge kama mkono uliomwagikiwa chai. Kuta zina subira. Kwa hiyo Fundi Herufi alianza na gari, kuta akaziweka mchana. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kulipua kazi, hakupaka nyeupe juu ya buluu tu kama wafanyavyo mafundi wa kubahatisha, kisha kivuli cha herufi kikaendelea kuchungulia. Alisugua mpaka akaliona bati. Alifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akapaka mara ya kwanza, akangoja, akapaka ya pili. Saa tatu gari lilikuwa jeupe pande zote, halina hata alama ya kuonyesha kwamba limewahi kuwa la mtu.

"Sasa ni gari la mikate," dereva alisema.

Hakuna aliyetaja kizuizi cha askari kwenye lango la kambi. Kila mtu alijua kwamba mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kwamba kibali huchukua siku tatu. Kila mtu alijua pia kwamba gari lenye nembo ya shirika linalotambulika ndilo pekee lililopita na mgonjwa bila kuulizwa karatasi. Kwa kuwa wote walilijua hilo, kila mmoja alidhani mwenzake ameshalifikiria.

Fundi Herufi mwenyewe mawazo yake yalikuwa nyumbani. Binti yake, mimba ya kwanza, aliamka analalamika mgongo. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mumewe alivuka mpaka kurudi kule, miezi mitano iliyopita, akaone kama nyumba yao bado ina kuta, na tangu hapo hakuleta hata salamu. Mama yake alibaki njiani siku walipokimbia, kwenye kaburi ambalo Fundi Herufi aliliandikia kibao kwa mkaa kwa sababu hakuwa na rangi. Dunia nzima huyu mzee alikuwa amebakiwa na mtu mmoja.

"Nimwite mkunga, mama?" alimwuliza binti yake asubuhi ile, miguu imeshafika mlangoni.

"Mkunga aje kutazama mgongo?" binti alisema, anamimina chai. "Nenda kazini, Baba. Utachelewa kufuta, wakufute wewe."

Naye akaenda.

Ukuta wa wodi ya wazazi ndio uliokuwa na jina kubwa kuliko yote. Kila herufi ilikuwa na urefu wa mkono mzima, kuanzia kwapa hadi ncha za vidole, na aliziandika mwaka wa kwanza wa kambi, akiwa bado anaamini kwamba watakaa miezi sita. Alipanda ngazi saa nne na nusu, kopo la chokaa limening'inia kwenye msumari.

Ndani ya wodi mtu alikuwa akiguna. Sauti ilipita kwenye matofali ikiwa ya chini na nzito, kama ya mtu aliyeng'ata nguo. Fundi Herufi aliisikia, akasema moyoni maskini, Mungu amsaidie, akaendelea kupaka. Aliisikia akiwa kwenye herufi ya kwanza na akaisikia akiwa kwenye ya tatu. Alidhani ni binti wa mtu mwingine.

Karibu saa sita mkunga alitoka akasimama chini ya ngazi. Mikono yake ilikuwa imelowa hadi viwikoni.

"Fundi, shuka."

"Namalizia hii, mama."

"Shuka, nimekwambia. Aliyemo humu ni wako."

Alishuka brashi ikiwa bado mkononi. Mkunga alimweleza harakaharaka, sauti yake imekauka. Majirani walimkuta binti ameinama juu ya ndoo, hawezi kunyooka. Walimbeba wakapita mlango wa nyuma. Alikataza baba yake asiitwe, akisema mzee ana kazi ya kumaliza kabla ya saa kumi.

"Mtoto ametanguliza bega. Nimejaribu kumgeuza mara mbili, amegoma. Anataka kupasuliwa, na mimi hapa nimebakiwa na mikono na pamba."

"Mjini?"

"Mjini. Saa moja na nusu kwa gari, na nakwambia ukweli, tumeshachelewa."

Walimtoa kwa machela. Uso wake ulikuwa umejaa jasho na midomo ilikuwa na alama za meno. Alimtazama baba yake kwa muda kama anayemtafuta mtu katikati ya umati.

"Una chokaa kwenye nyusi," akasema.

Fundi Herufi alijifuta kwa mkono uliokuwa na chokaa zaidi.

Kutoka wodini hadi kizuizini zilikuwa hatua mia tatu, na ambulensi ilizimaliza kabla hawajakaa vizuri. Boriti ilikuwa imelala barabarani. Askari wa zamu alitoka kibandani, mtu wa makamo mwenye kitambi, akalizunguka gari zima. Akarudi alipoanzia.

"Gari la nani hili?"

"Unanijua," dereva alisema. "Hili ni lile lile la jana."

"Wewe nakujua. Gari silijui. La jana lilikuwa na ndege."

"Ndege amefutwa leo asubuhi. Fungua, kaka, ndani kuna mtu anakufa."

Askari alichungulia dirishani, akaona, na uso ukambadilika. Lakini hakugusa kamba ya boriti. Kibandani kwake kulikuwa na ubao uliobandikwa picha za nembo zote zinazoruhusiwa, na juu yake amri kwa wino mwekundu.

"Mwenzangu alipitisha gari lisilo na nembo mwezi uliopita," alisema kwa sauti ya chini. "Leo yuko jela na watoto wake wanne wako nje. Nileteeni barua ya ofisi yenye muhuri. Barua tu, nitafungua."

Fundi Herufi hakungoja gari ligeuke. Alikimbia. Miaka hamsini na nane, kandambili moja ilimvuka njiani akaiacha, akaingia ofisini bila kubisha.

Ofisi ilikuwa imebaki kuta na makasha. Bwana Utaratibu alikuwa anabandika tepu kwenye kasha la mwisho. Alisikiliza hadi mwisho, na kwa kweli alionekana kuumia, maana hakuwa mtu mwenye roho mbaya. Kama wanaotuua wangekuwa ni watu wenye roho mbaya tu, tungekwishawazoea.

"Muhuri ulipakiwa jana, mzee wangu. Uko njiani kwenda makao makuu."

"Andika bila muhuri."

"Bila muhuri hiyo ni karatasi tu, hawataipokea. Tena bima ya lile gari ilikoma jana. Kisheria lile gari si letu tena." Alitoa simu, akapiga, akangoja, akapiga tena. "Hawapokei. Leo wana chakula cha mchana cha kuagana."

"Cha kuagana na nani?"

"Wao kwa wao."

Fundi Herufi alisimama pale akihema. Hasira iliyompanda haikuwa ya kupiga kelele. Ilipanda polepole, na ilipofika kichwani haikukuta chochote cha kuizuia. Aliwakasirikia waliokuwa mezani wakati ule wanapongezana kwa kazi nzuri. Aliwakasirikia waliochora mipaka na waliouza mizinga na waliosikitika mara nne. Na kuliko wote alijikasirikia yeye, na msasa wake, na usafi wake wa kazi. Angekuwa fundi mzembe, angelipua kama wengine, sasa hivi angemwaga mafuta ya taa kwenye mlango wa gari, nyeupe mbichi ingetoka na ndege angekuwepo chini yake mzima. Lakini yeye alisugua hadi kwenye bati, akajisifu.

Ukutani yalikuwa yamepangwa makopo manne ya rangi ya buluu, yamefungwa tepu na kuandikwa namba, tayari kurudishwa. Aliinama akachukua moja.

"Fundi, hayo yameshahesabiwa."

"Yahesabu tena," Fundi Herufi alisema, akatoka.

Kigezo hakuwa nacho. Ile karatasi ngumu iliyokatwa umbo la ndege ilikuwa ndani ya mojawapo ya makasha. Alipofika kizuizini alipiga goti lile lile la asubuhi mbele ya mlango ule ule, akafungua kopo kwa meno ya funguo za dereva, akachovya brashi ndogo ya herufi aliyoitoa mfukoni. Jua lilikuwa utosini. Bati lilikuwa la moto kiasi kwamba hakuweza kuegemeza kiganja kama alivyozoea, ikambidi ashike kifundo cha mkono mmoja kwa mkono mwingine.

"Unafanya nini?" askari aliuliza.

"Ulisema unataka nembo."

Askari alimtazama, akaitazama boriti. "Mimi kazi yangu ni kuangalia nembo," alisema hatimaye. "Nikiiona nitafungua. Amri inasema iwe pande zote mbili." Alifikiri kidogo, akatema mate pembeni. "Lakini mimi huwa nasimama upande huu."

Fundi Herufi alianza na herufi, kwa sababu herufi ndizo zinazosomwa. Hakupima wala hakupiga mstari. Miaka kumi na mmoja ilikuwa ndani ya mkono wake, na mkono ulikwenda wenyewe, juu, chini, kona, juu. Rangi iligusa bati ikaanza kutokota hapo hapo. Vilengelenge vidogo vilijitokeza kwenye herufi ya pili na ya tatu na yeye akapita, hakurudi nyuma kusawazisha hata kimoja. Upande wa pili wa bati, kwenye kina cha mkono tu, binti yake alikuwa akiguna. Sasa aliijua ile sauti. Alishangaa ilikuwaje asubuhi asiijue.

Aliposhika kichwa cha ndege, Bwana Utaratibu alifika, anahema, tai imempinda.

"Fundi, acha. Tafadhali. Hilo jina si lako."

"Najua si langu. Langu halifungui boriti."

"Hunielewi. Gari halina bima. Likitokea lolote njiani, jina litakaloonekana ni letu. Itakuwa juu yetu."

"Hapo umesema kweli," Fundi Herufi alisema. Alivuta shingo ya ndege kwa pigo moja. "Ndiyo sababu naliandika. Niandike jina lingine ambalo halina mtu wa kuulizwa?"

"Nitalazimika kuripoti."

"Ripoti. Tena andika kwa herufi kubwa. Andika kwamba mlitukuta tumekimbia vita, mkatuambia kaeni hapa, msitoke, msilime, msifanye biashara mjini, tutawatunza sisi. Tukakaa. Mlitufungia mlango mkashika ufunguo, leo mnaondoka nao mfukoni, na kosa lenu mnaloliogopa ni jina kuonekana. Andika hayo."

"Mimi kazi yangu inaisha leo, mzee wangu," Bwana Utaratibu alisema, na macho yalikuwa yamemwiva. "Kesho na mimi sina kazi."

"Basi unamwogopa nani?"

Bwana Utaratibu alinyoosha tai yake. Dereva alikuwa ameshawasha injini. Kutoka ndani ya gari sauti ya binti ilitoka nyembamba sana.

"Baba. Umemaliza?"

"Bado bawa, mama. Kidogo tu."

"Acha bawa."

Mkunga alitoa kichwa dirishani. Alikitikisa mara moja, na Fundi Herufi akaelewa kwamba hakukuwa na dakika ya bawa. Akasimama. Mlangoni palikuwa na jina lenye malengelenge na ndege mwenye kichwa, kifua na mkia, na chini yake mayai matatu yako wazi.

Askari alisogea, akainama, akalitazama lile jambo kwa makini ya mtu anayesoma hati ya mahakama.

"Hana bawa."

"Ndiye yule yule," Fundi Herufi alisema.

"Naona ndiye," askari alisema, akaenda kwenye kamba na boriti ikapanda. "Mgonjwa na mhudumu mmoja. Mzee, wewe unabaki. Ukipanda na wewe, siwezi."

Hakubishana. Aliingiza mkono dirishani, akakuta mkono wa binti yake, ukambana hadi mifupa ikalia, kisha gari likaondoka na mkono ukamtoka. Kabla halijashika kasi mkunga alirusha daftari la shule kupitia dirishani, likaanguka vumbini.

"Mimi ndiye mkunga pekee," alipaza sauti. "Wajawazito wengine wako humo. Ishirini na sita. Akishikwa mmoja na uchungu kabla sijarudi, wajulishe wenzake wamsaidie."

Fundi Herufi aliliokota daftari akalipangusa. Alisimama barabarani hadi vumbi la gari likatua. Askari alikuwa amekwisha kushusha boriti, akamletea kiti cha plastiki kutoka kibandani. Mzee hakuketi. Dereva alikuwa ameahidi kupiga simu wakifika. Saa moja na nusu, kama tairi hazitapasuka, kama mafuta yatatosha, kama kule mjini hakutakuwa na mwingine wa kuuliza hili ni gari la nani. Alipokuwa anawaza hayo alilifungua daftari, si kwa kusoma, ila macho yanatafuta pa kutua.

Mkunga hakuandika majina ya watu kama yalivyokuwa kwenye kadi zao. Aliwaandika kama kambi ilivyowajua. Mke wa kinyozi, wiki ijayo. Mama Pacha, mwezi huu, ana shinikizo la damu. Mjane wa mwalimu. Dada wa mchoma matofali, nyonga nyembamba, apelekwe mjini mapema. Neno "mjini" lilikuwa limepigiwa mstari mara saba kwenye ukurasa mmoja.

Alilifunga daftari. Kisha akafunika kopo la buluu, akaanza kurudi wodini, mguu mmoja na kandambili na mwingine bila.

"Ukuta haujaisha," Bwana Utaratibu alisema nyuma yake, kwa sauti ya mtu anayeomba. "Ni saa saba na nusu. Saa kumi napiga picha."

"Utapiga."

Na kweli aliumaliza. Alipanda ngazi akafuta herufi zilizobaki moja baada ya nyingine, chokaa mara mbili, hadi pembeni. Ilipofika saa nane na robo ukuta wa wodi ulikuwa mweupe na safi, hakuna kivuli chochote kilichochungulia, na mtu asiyejua angesema umejengwa jana. Chokaa hukauka upesi kwenye jua la mchana. Simu aliiweka juu ya kidato cha ngazi, kioo kinamtazama. Haikuwa imelia.

Alitoa uzi wa chaki mfukoni, akaufunga kwenye msumari upande mmoja, akauvuta hadi upande wa pili, akaupiga. Mstari ulionyooka ulibaki ukutani. Alipiga mwingine chini yake, na mwingine, na mwingine, hadi akafika usawa wa magoti. Kisha alifungua kopo la buluu. Ukutani mkono wake haukuwa na haraka. Aliandika kama alivyofundishwa ujanani na fundi aliyemfinya sikio kwa kila herufi iliyoinama.

BINTI WA FUNDI HERUFI, LEO.

Baada ya neno la mwisho aliacha nafasi ya viganja viwili, akateremka mstari wa pili. MKE WA KINYOZI, WIKI IJAYO. MAMA PACHA, MWEZI HUU. MJANE WA MWALIMU. Watu walianza kusimama nyuma yake wakiwa na madumu ya maji. Wachache waliojua kusoma waliwasomea wengine, na kila jina liliposomwa kichwa kimoja au viwili viligeuka kumtafuta mwenyewe. Mchoma matofali alikuja akausoma mstari wa dada yake mara mbili, kisha akaenda kushika ngazi isiteleze.

Bwana Utaratibu alifika saa tisa na dakika hamsini, kamera imening'inia kifuani. Aliusoma ukuta kuanzia juu hadi chini.

"Fundi," alisema, "ni nini hiki?"

"Tafuta jina la Shirika. Ukiliona mahali, nifute mimi."

"Hawa ni akina nani?"

"Si ulisema likitokea lolote?" Fundi Herufi hakugeuka, alikuwa anamalizia mkia wa herufi. "Hao ndio lolote."

Kijana alifungua kamera. Aliinua, akashusha, akafuta jasho kwenye kioo chake kwa ncha ya tai. Ukuta haukuenea kwenye picha, kwa hiyo alirudi nyuma hatua tano, kisha nyingine tano, na watu wakampisha bila kumtazama. Akapiga. Akaitazama ile picha kwenye kioo kidogo, akapiga tena, mara hii akiwa ameshikilia pumzi.

Jua lilikuwa limeanza kulala. Simu ilikuwa bado kimya kwenye kidato cha ngazi. Fundi Herufi alikuwa amefika kwa wa kumi na tisa alipohisi mtu amesimama karibu yake kuliko wengine. Alikuwa mwanamke asiyemjua, ameweka dumu chini, mkono mmoja kiunoni, tumbo limechongoka chini ya khanga iliyopauka.

"Mimi simo kwenye hilo daftari," mwanamke alisema. "Tumefika juzi. Ni mwezi ujao."

"Wewe ni mke wa nani?"

"Sina mtu. Niandike mfua nguo. Kule nyumbani nilikuwa nafua nguo za watu."

Fundi Herufi aliteremka, akatazama sehemu ya ukuta iliyobaki. Ilikuwa imebaki ndogo.

"Naweza kukubana hapa chini, kwa herufi ndogo," alisema. "Au nikuanzie ukuta wa pembeni, kwa herufi kubwa."

Mwanamke alifikiri. Nyuma yake walikuwa wameshasimama wengine wawili, mmoja amemshika mwenzake bega.

"Kubwa," alisema. "Isomeke kutoka barabarani."

Fundi Herufi alichukua simu yake, akaitazama, akaitia mfukoni. Kisha yeye na mchoma matofali wakainua ngazi, huku na huku, wakaizungusha kwenye kona ya jengo, na wale wanawake watatu wakaifuata.